Kura Isiyo ya Bahati

Baraza la kijiji cha Chara lilikuwa gogo moja nene lililoletwa na mafuriko, na kila asubuhi Tuneya alimimina hapo kahawa huku wanaume watatu wakimimina maneno. Mwaka ule mto ulihama, ukameza shamba alilolima na marehemu mumewe, ukaacha upande wa pili tope jeusi zuri la mpunga. Ijumaa wanaume wangechagua mzee wa kuligawa tope hilo. Akimsahau mjane, basi tena. Tuneya alikuwa na hofu, kwa hiyo alimimina polepole, masikio wazi.

Aliyeanza ni Uledi, waliyemwita Makaa kwa kuwa aliwahi kuchochea moto wa meli.

— Kanada nimeona mji mzima ukichagua mkuu wake. Mkuu na watu wa baraza. Wanapiga kura.

— Kura ya vijiti? aliuliza Swaleh, aitwaye Hakimu kwa kukata mashauri yasiyomhusu. Basi mkuu wao ni wa bahati tu. Hata mwizi anaweza kuupata ukuu.

— Si vijiti. Kila mtu atia karatasi sandukuni, ya yule amtakaye.

— Sanduku linajuaje? alisema Dabaso kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, mfugaji aliyeleta ng'ombe mtoni. Mimi nasema mtu iko ndani.

— Ni jini, Hakimu akakata shauri. Ndilo linalosukuma na meli zao.

— Meli zaenda kwa makaa. Nimeyatia mwenyewe.

— Makaa ndiyo chakula cha jini. Wewe ulikuwa mpishi wake, hukuambiwa tu.

Tuneya alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Na hiyo baraza yao, Dabaso akauliza, kahawa napika nani?

Tuneya akaona nafasi yake ndipo hapo.

— Kaka Uledi, huko mjane hutia karatasi?

Makaa alifikiri.

— Mjane mwenye nyumba yake, naam. Nimewaona. Wake za watu ndio hawakutia.

— Na hapa, Ijumaa?

Makaa akamtazama Hakimu. Hakimu, ambaye hukumu hazijapata kumwishia, akatazama kikombe chake. Dabaso akatazama ng'ombe. Mwishowe Hakimu akanyoosha kikombe.

— Kahawa imekwisha?

— Ipo, alisema Tuneya, akaliweka dele la kahawa chini, karibu na miguu yake mwenyewe, asimimine.

Kisha Makaa akajisogeza, akapangusa gogo kwa kiganja, mahali ambapo mwanamke hajapata kukaa. Tuneya akaketi, moyo ukimwenda mbio kwa furaha.

— Haya, alisema. Tuanze na hilo la Ijumaa.