Mstari wa Tatu

Kijiwe chetu cha Gungu kina benchi la miguu mitatu na tofali moja, na birika la kahawa la Mzee Manariyo lisilotoka mkaani. Dismasi alitufikia mbio, Irambona wake wa miezi minane akilia mgongoni, chupa ya maziwa mkono huu, kopo la unga mkono ule. Mama mtoto yuko sokoni Mwandiga. Maziwa mepesi humpalia mtoto, basi kliniki wamempa unga wa kuyafanya mazito. Maelekezo? Kiingereza kitupu. Karatasi nikatupiwa mimi, wanayeniita Digrii. Miaka minne ya chuo, na hiyo ndiyo ajira yangu ya kwanza.

— Soma, mdogo wangu. Ana njaa huyu.

— “One level scoop.” Kijiko kimoja, sawasawa, kisiwe cha mlima. “Stir well.” Koroga.

Akakoroga, akainamisha chupa. Yakachuruzika kama maji.

— Mepesi hayo! akadakia Injini, fundi wa mashine za boti. Ongeza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Imeandikwa kimoja, bro.

— Karatasi ya Ulaya, koo la Gungu!

Dismasi akatia cha pili.

— Oya, oya, Mzee Manariyo akatikisa kichwa. Hapo unga wa muhogo tu. Sisi wote tulikuzwa nao. Nani alikufa?

— Waliokufa hawaji kunywa kahawa, Mzee, nikamjibu.

— Nyie sikilizeni, Injini akasimama. Maziwa ni oili ya gia. Nyepesi inavuja, nzito inakaa. Tia cha tatu, Dismasi! Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Cha tatu kikaingia. Nami nikalipuka: seriously, karatasi hii kaandikiwa nani? Mama wa Mwandiga? Watafsiri tumejaa mabenchini, nchi nzima! Nikahutubia kama mgombea. Mzee akasema mtoto kameza upepo wa ziwa, ule wa upande wa Kongo. Injini akataka kujua upepo una kilo ngapi. Irambona akalia mpaka sauti ikamkauka.

Akasimama mbele yetu mama mmoja mpita njia wa Ilagala, mtoto ubavuni, anatafuta stendi.

— Mwakeye, akatusalimu. Mbona hamumpi huyo?

— Tunangoja yawe mazito, mama.

— Mmeyachanganya saa ngapi?

Injini akamtazama Mzee. Mzee akatazama birika. Mimi nikatazama saa ya simu, kana kwamba ingejua.

Dismasi akapindua chupa. Halikudondoka tone. Maziwa yameganda kama bada, ugali wa muhogo.

— Digrii, akasema taratibu, bora angenitukana. Mstari unaofuata unasemaje?

Nikausoma kwa mara ya kwanza, moja kwa moja kwa Kiswahili:

— Subiri dakika tano. Yatakuwa mazito yenyewe. Usiongeze unga.

Akayakung'utia mtaroni.

— Nyumbani yamebaki ya chupa moja tu. Twende. Safari hii utasoma mpaka chini, ndipo ufungue mdomo.

Nikaiacha kahawa yangu inafuka moshi.