Mama Asheri Abisha Hodi: Miaka Kumi na Saba ya Kupanga Vijisura vya Kibarazani

Bi. Koleta Mgonja, ambaye sisi sote tunamwita Mama Asheri, amestaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Kibarazani kwa miaka kumi na saba. Aliingia akiwa mpokea wageni, akatoka akiwa Msimamizi wa Vijisura. Ni cheo ambacho sijakisikia katika ofisi nyingine yoyote hapa Same, na wakaguzi waliowahi kututembelea waliuliza mara mbili kama hatukukosea kuandika.

Kwa atakayesoma jarida hili la ofisi bila kutujua, Kibarazani ni jukwaa la mtandaoni la watu wa Upareni: walioko milimani, walioko tambarare, na wale waliotawanyika Dar, Mwanza na kwingineko. Mtu huandika habari ya mvua, ya shule, ya ndoa au ya msiba, na wenzake humjibu. Vijisura ni zile picha ndogondogo ambazo vijana wanaziita emoji: uso unaocheka, uso unaolia, mkono unaopunga. Kazi ya Mama Asheri ilikuwa kuamua kipi kiingie, kipi kitoke, kipi kikae wapi, na kipi kisionekane kabisa katika chumba fulani. Inaonekana kazi ya mchezo mpaka uifanye. Mimi niko kitengo cha mitambo, mlango wangu unatazamana na wake, na niliwahi kuishika kazi hiyo wiki moja alipokwenda likizo. Aliporudi alikuta watu hawasalimiani.

Tulianza na vijisura vichache vilivyokuja na mtambo wenyewe, vyote vya ugenini. Jembe halikuwepo, tangawizi haikuwepo, wala sahani ya makande. Sasa Mpare utampa jukwaa lisilo na makande halafu ukae ukimngoja azungumze? Mama Asheri akatangaza kwamba kila mwanachama anaweza kupendekeza kijisura, nao wakapendekeza bila huruma. Mbuzi peke yake waliletwa wa kila namna. Ng'ombe wa kwanza kuchorwa alikataliwa na Saruni, mfugaji wa upande wa Ruvu, aliyeandika kwa upole kabisa: "Huyu mnyama hana nundu. Ni wa nani?" Mama Asheri akamrudisha kwa mchoraji, akawekewa nundu, na Saruni akampokea kwa kumtumia kila mtu aliyemfahamu.

Alivipanga vyote kwa mafungu yenye majina ya kueleweka: Salamu, Kicheko, Shamba, Mifugo, Sala, Msiba. Kulikuwa na fungu moja alilolifunga na kuliita Kabatini, ambamo alitia vijisura vya uchokozi. Hakufuta hata kimoja. Alisema aliyekileta alikuwa na sababu yake, na hasira nayo ina siku yake ya kupita.

Lililomletea maadui lilikuwa jembe. Kijiji kikitangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua ndiva, lile bwawa la maji ya kumwagilia, wanachama walikuwa wakibonyeza jembe kuonyesha kwamba wako pamoja. Tatizo ni kwamba wengi wao walikuwa wamekaa Kariakoo kwenye feni. Tangazo moja lilijaa majembe kutoka juu hadi chini, na siku ya kazi wakatokea akina mama wachache na mzee mmoja mwenye kikohozi. Mama Asheri akatengeneza jembe la pili, lenye udongo, ambalo mtu hawezi kujiwekea mwenyewe: anapewa na kamati ya ndiva akishaonekana kazini. Watu wa Dar walichachamaa. Walimwaga nyuso za hasira kwenye kila alichoandika, mpaka uongozi ukaamua kwamba maandishi ya akaunti ya Msimamizi yasiweze kuwekewa kijisura chochote. Hasira zikaisha baada ya mwezi mmoja. Kufuli hakuna aliyekumbuka kulifungua, na yeye hakuomba.

Lakini lililomjengea jina ni lile la tama. Mwaka 2014 alifariki mzee mmoja wa Mbaga, na tangazo likawekwa katika chumba cha Msiba. Mdogo wa marehemu, Mzee Aminieli wa kijiji cha Bendera, akaweka chini yake uso ulioshika kidevu kwa kidole. Kwa vijana uso ule ni wa mtu anayetilia jambo shaka. Mtoto wa marehemu, Anold, aliyekuwa Dar, akauona na kuelewa kwamba baba yake mdogo anakishuku kifo kile, na anamshuku mtu. Nasi tunajijua: Mpare akishaanza kuuliza, haishii njiani mpaka kikao. Kikao cha ukoo kikaitishwa kweli, na Anold akaapa kwamba hatakanyaga Bendera tena.

Mama Asheri hakuandika neno jukwaani. Alipanda basi hadi Bendera, akamwamkia mzee, akampa pole, kisha akamwomba amwonyeshe kwa mkono wake alichotaka kusema. Mzee akalaza shavu kwenye kiganja. Alikuwa ameshika tama. Alikuwa akimlilia kaka yake kama wanavyolia watu wa umri wake, na kwa kuwa vijisura vyetu vyote havikuwa na uso wa namna hiyo, alichukua uliokaribiana nao. Mama Asheri akampiga picha pale pale, na Irine wetu wa michoro akachora kijisura kipya: kiganja shavuni, mdomo umefungwa, macho chini. Uso wa kidevu ukaondolewa chumba cha Msiba moja kwa moja. Anold alipotumiwa ile picha alipiga simu Bendera siku hiyo hiyo. Wakamaliza matanga wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Sasa niseme lile ambalo katika wasifu wa namna hii huwa linarukwa. Mama Asheri alikuwa mpweke, na sisi tulikuwa tunaona.

Mumewe alifariki kabla sijaajiriwa. Asheri yuko Mwanza, mdogo wake Blessing yuko Dodoma, na wote wawili wana kazi na watoto. Hupiga simu Jumapili, mtandao wa mlimani ukiruhusu. Chumba chake kazini kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi, upande unaopigwa na upepo wa Same ambao hauna adabu kwa mtu yeyote. Alikula chakula chake cha mchana mezani, akifungua jukwaa kwa mkono mmoja. Ukipita ungemwona anatabasamu peke yake, ukadhani kuna mtu anazungumza naye. Hakukuwa na mtu. Alikuwa anasoma watu wengine wakitaniana.

Hata hao wakaja kupungua. Koo zikahamia kwenye magrupu ya WhatsApp, na vyumba vyetu vikabaki kama nyumba ambazo watoto wameshaolewa wote. Mtu anaandika leo, anajibiwa wiki ijayo, au hajibiwi. Mama Asheri aliendelea kuingia kila asubuhi na kukagua mafungu yake, kijisura kwa kijisura, ingawa vingine havikuwa vimeguswa tangu mvua za mwaka juzi. Nilimwuliza siku moja kwa nini anahangaika. Alisema atakayerudi asikute vitu vimehamishwa.

Kuna desturi moja aliyoianzisha yeye, na lazima niieleze, maana ndiyo imenifanya niandike hivi na si vinginevyo. Mwanachama mpya wa Kibarazani hajifungulii. Anaandika hodi katika chumba cha kwanza, kinachoitwa Mlangoni, na anabaki hapo hadi mwanachama mwingine ambonyezee kijisura cha karibu. Hapo ndipo vyumba vingine vinafunguka. Mama Asheri alisema hata nyumbani mgeni hasukumi mlango. Zamani watu walikimbilia kuitikia, ikawa kama mashindano. Miaka ya karibuni hakuna aliyejali. Hodi zilikaa mlangoni siku nzima, mbili, tatu. Kwa hiyo yeye, kwa akaunti ya Msimamizi, akawa anaitikia zote. Naamini hakuna mtu aliyeingia jukwaani tangu 2019 ambaye hakufunguliwa na yeye. Aliwaitikia watu hodi na kuwapa nyuso za kutumiana, na kwa lile kufuli la jembe, yeye mwenyewe hakuna aliyeweza kumtumia hata ua. Kinyozi hajinyoi.

Uongozi ulipomwuliza anataka aagwe kwa zawadi gani, sisi tulishaanza kufikiria mabati, au kitenge na jiko la gesi. Yeye akaomba akaunti. Akaunti ya kawaida, kama ya mtu yeyote, awe anaingia jukwaani akiwa nyumbani kwake Mbaga. Alisema, na ninamnukuu kwa ruhusa yake: "Nyumba ile ina vyumba vinne na mimi. Nataka mahali pa kusema kumekucha, mtu akasikia."

Ombi halikuwa jepesi. Utaratibu wetu unasema aliyewahi kushika funguo za mtambo hawi mwanachama. Uongozi ulikaa, ukakubali, tunaushukuru, ila kwa masharti. Jina la Msimamizi linabaki ofisini. Maandishi yake ya miaka kumi na saba hayamfuati. Ataingia akiwa mtu mpya kabisa, na atabisha hodi kama wengine. Nafasi yake, tumeambiwa, haitajazwa kwa sasa.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu. Mtu pekee aliyekuwa akiwaitikia watu mlangoni ndiye huyo anayekwenda kusimama mlangoni. Nilimwambia hilo ni jambo dogo, nitamfungulia mimi kwa upande wa mitambo, dakika moja tu. Alikataa. Alisema akiingizwa na ofisi atakuwa bado yuko ofisini, na kwamba anataka kujua kama kuna mtu. Akaniomba pia nisimnong'oneze mwanachama yeyote. Nikaahidi, na niliijutia ahadi hiyo kuanzia siku iliyofuata.

Jumanne asubuhi hodi yake ilikuwa pale. "Hodi humu ndani. Naitwa Koleta, mstaafu, naishi Mbaga. Naomba kuingia." Jumanne ikapita. Jumatano watu waliingia jukwaani, niliwaona, wakapita Mlangoni kama wanaopita karibu na boda aliyepaki. Wengine alikuwa amewafungulia yeye mwenyewe. Hawakuwa wabaya, walizoea kwamba hodi zina mtu wake wa kuziitikia. Mchana huo sikula. Nilikaa nikilifungua na kulifunga lile jukwaa, mtu mzima mwenye familia, nikimwomba Mungu atokee mtu yeyote, hata wa Dar.

Alhamisi akatokea Hana. Huyu ni binti wa wafugaji wa tambarare, alijiunga mwezi wa nne, na mara nyingi hasemi kitu. Alimbonyezea kijisura cha karibu, kisha akaandika, nami naweka hapa kama alivyoandika:

"Shikamoo bibi. Karibu sana, usiogope, utazoea tu. Mimi nilifunguliwa na Msimamizi ila siku hizi simwoni, nikaona nisikuache nje. Ukitaka vijisura bonyeza kile kiuso pale chini. Viko vingi ila vimepangwa vizuri, hutapotea."

Nilicheka kwa sauti hadi Irine akaja kuchungulia. Kisha ikabidi nitoke nje kidogo, kwa sababu kicheko kiligeuka kikawa kitu kingine. Miaka kumi na saba, na binti anamwelekeza njia ndani ya nyumba aliyoipanga kwa mikono yake.

Mama Asheri alijibu baada ya muda, nadhani alikuwa anatafuta miwani, au alikuwa anafuta macho, sikumwuliza. "Marahaba mjukuu wangu. Asante kwa kunifungulia. Hebu nielekeze, cha kushukuru kiko fungu gani?" Hana akamwelekeza, hatua kwa hatua, kwa uvumilivu mkubwa. Binti alikosea fungu mara moja. Mama Asheri akafuata kama alivyoelekezwa, akalikuta fungu si lenyewe, akasema hajakiona, akangoja aelekezwe upya. Chini ya shukrani yake Hana akaweka ua. Ni la kwanza Mama Asheri kupewa tangu lile kufuli, na jioni ile alinipigia simu kunieleza lilivyo, petali kwa petali, kana kwamba si yeye aliyeliidhinisha.

Katika simu hiyo hiyo aliniomba jambo, nami nalipeleka kwenu wote mtakaosoma jarida hili: Hana asiambiwe bibi huyo ni nani. Wamekubaliana kuamkiana kila asubuhi.

Mama Asheri, kwa niaba ya wenzako wa Kibarazani, asante kwa kila hodi uliyoitikia. Nenda salama milimani. Tunakutakia afya, mvua za wakati wake, na asubuhi nyingi za kuitikiwa.

Vitus, Kitengo cha Mitambo