Grégoire Lusuna, Aliyeipa Kasongo Ghorofa

Tarehe 31 Machi 1958, baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi yetu ya ujenzi hapa Kasongo, Mzee Grégoire Lusuna anaweka kalamu chini. Anaondoka akicheka, nasi tunashusha pumzi pamoja naye, maana kuna mwaka tulidhani ataondoka akilia.

Alizaliwa Kabambare, akajifunza kuchora nyumba kwa mapadri. Alipofika hapa, nyumba zote za wenyeji zilikuwa za chini. Mwaka 1936 mfanyabiashara Amisi Faradji alimwomba amchoree ghorofa ya kwanza. Grégoire aliichora vizuri, na kwa huruma akampa Bibi Mwanvua, mama mkwe wa Amisi, chumba cha chini chenye mlango wake, magoti yasimsumbue. Chumba cha Amisi kikawa juu yake.

Sijui mtoto wa Kabambare aliisahauje mila. Mkwe atembee juu ya kichwa cha mama mkwe wake? Bibi Mwanvua alitandika mkeka uani akakataa kuingia. Amisi, kwa aibu, akahamia dukani. Mji ulicheka. Mkuu wa ofisi akasema nyumba isipopata watu kabla ya mvua kuanza, sehemu ya juu itabomolewa, na mwenyeji hatajengewa ghorofa tena. Grégoire alikonda.

Kisha yeye na fundi Ramazani wakajenga ngazi ya nje, yenye vidato vipana na vya chini, na benchi ya kupumzikia katikati. Mama akae juu, mkwe chini: mzazi kuwa juu ya mtoto si kosa. Bibi Mwanvua alipanda polepole. Akafungua dirisha, akasema: "Niko naona soko yote. Miye sishuki tena." Grégoire alizunguka nyuma ya nyumba akalia kwa furaha.

Tangu hapo kila mama mkwe mjini alitaka dirisha la juu, na wakwe hawakuwa na pa kukimbilia. Ghorofa unazoziona leo ukija kwa barabara ya Nyangwe, nyingi ni za mkono wake.

Sasa anarudi Kabambare na mkewe Emilienne, kwenye ghorofa aliyojijengea. Tunasikia mama mkwe wake ameshahamia juu, hata rangi haijakauka.

Asante, Mzee Grégoire. Tunakutakia maisha mema na usingizi mzuri katika chumba chako cha chini, na anayetembea juu ya kichwa chako atembee polepole.