Chuma Katika Paja la Bibiane

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kulia pamoja nasi, familia inawasomea maisha ya binti yetu.

Bibiane Ngoie alizaliwa Likasi tarehe 14 Machi 1975, binti wa Ambroise, fundi katika kiwanda cha kampuni, na mkewe Colette, akaandikwa serikalini Ngoie peke yake, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikatazwa, akaanza shule mwaka 1981.

Tarehe 9 Agosti 1986, lori la parokia lilipinduka likitoka Mwadingusha, Bibiane akavunjika mfupa wa paja, na Octave, mtoto wa kadre, yaani mkubwa kazini, wa umri uleule, akavunjika vilevile. Daktari alisema wote wawili watiwe fito mbili nyembamba za chuma zinazopinda, zipitishwe ndani ya mfupa kwa matundu madogo, lakini msimamizi wa hospitali ya kampuni aliamuru fito zibaki za watoto wa makadre, hivyo Octave akapata fito, na Bibiane akapasuliwa paja, akafungwa bamba la chuma kwa skrubu. Octave alitolewa chuma mwaka uliofuata, leo yuko hapa, wala hatumlaumu. Bamba nalo liliunga mfupa, hatusemi uongo, lakini daktari alikuwa ameagiza litolewe, na kabla ya siku hiyo Ambroise alifukuzwa kazi, haki ya matibabu ikaisha. Msimamizi alimwambia Colette langoni, watu wakisikia: "Mama, bwana yako haiko tena wa kampuni, ile chuma ibakie." Colette akamjibu: "Minye nilizala mutoto, shikuzala chuma!" Walinzi wakacheka, lango likafungwa.

Bibiane alimaliza sekondari mwaka 1993, akafundisha watoto Kamatanda, akichechemea, akaolewa na Adrien tarehe 6 Agosti 1994, akamzaa Henriette mwaka 1995. Baada ya uzazi paja lilivimba, likatoa usaha, na madaktari wa Lubumbashi walipoling'oa bamba, mfupa ulikuwa umeoza na sumu imeingia damuni. Alifariki tarehe 21 Mei 1996. Mtu asituambie ni mapenzi ya Mungu.

Tunawashukuru madaktari wa Lubumbashi waliojaribu, majirani waliombeba, na walimu wenzake waliomshikia darasa. Waliofunga lango hatuwashukuru.

Bibiane, mama, pumzika kwa amani, sisi tuliobaki hatujaipata.