Sauti Iliyotoka mu Karto: Maisha ya Papa Honoré Katsuva, 1979–2026

Wazazi, wachungaji, majirani wa Ngezi na wa Saio, nyinyi wote muliosimama hapa kwa jua: huyu tunayemuzika leo tumusimulie sawasawa, maana yeye mwenyewe hakupenda habari ya nusu.

Marehemu Papa Honoré Katsuva alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1979, mutoto wa muzee Mumbere na mama Séphora. Mwaka wa 1985 wazazi walihamia Bunia kwa biashara ya chumvi na sabuni, wakapanga nyumba mu kartie, mutaa wa Ngezi. Mama Séphora anasema mpaka leo kwamba mutoto huyu alianza kuongea mbele ya kutembea.

Alisoma shule ya musingi Ngezi, sekondari Saio, akapata diploma ya Serikali mwaka wa 1999, mara ya pili. Mara ya kwanza hesabu ilimukatalia, yeye pia akaikatalia, na hawakupatana tena.

Lakini masomo yake ya kweli aliyafanya ndani ya karto. Ilikuwa karto ya frigo, boksi kubwa ya karatasi ngumu, muchuuzi mumoja aliitupa. Honoré, miaka tisa, aliikata dirisha, akaingia ndani, akashika kigunzi cha mahindi kama mikro. Agathe, mutoto wa jirani, alipiga muziki kwa mudomo. Dany, rafiki yao, alisimama nje na fito juu ya kichwa: yeye ndiye alikuwa antena. "Hapa ni Radio Ngezi!" Walitangaza bei ya mihogo, mechi ambayo haijachezwa, na komunike za vifo, hasa vya kuku.

Siku moja ya Agosti 1988 kuku ziliisha. Honoré akatangaza, na sauti nzito, kifo cha Papa Assani, mutengenezaji wa baiskeli, aliyekuwa ameenda Mongbwalu kutafuta zahabu na hajaonekana wiki tatu. Mama mumoja akipita nyuma ya lupango, uzio wa nyumba, na beseni alisikia, akazani ni radio ya kweli. Mbele ya jua kuzama, wanawake walishaleta kuni na mikeka kwa Assani, wanaume walishasimamisha turubai. Kesho yake Assani akafika na baiskeli yake, akakuta watu wanalia.

"Nani amekufa?"

"Ni weye!" akajibu Agathe, ambaye hakujua kudanganya.

Papa Assani hakumupiga Honoré. Alimusimamisha mbele ya watu, akamuambia: "Mutoto, mama yangu amelia mpaka sauti imeisha. Machozi ile utairudisha na nini?"

Muzee Mumbere aliichoma karto. Tangu siku ile kartie nzima ilimuita Katsuva Muongo. Akisema mvua inanyesha, watu wanatoa mukono nje kwanza. Ilimuuma sana. Alikuwa akituambia sisi wa familia: "Ninataka kitu kimoja tu, watu wa Ngezi waamini tena kinywa yangu."

Mwaka wa 2004 aliingia kazi mu radio moja ya hapa muji, ya kweli, kusoma komunike. Akajiwekea sheria: hasomi kifo cha mutu mpaka watu wawili wa familia waseme kwa vinywa vyao. Na tarehe 19 Agosti 2006 alimuoa mama Adeline. Siku alipomuambia anamupenda, Adeline alimujibu, "Leta mashahidi wawili." Akaleta Dany na Agathe.

Mwezi wa Machi 2017 shimo la zahabu liliporomoka, na liste ya majina saba ya waliosemwa wamekufa ikafika kwa radio. Mwenzake Mbuyi alikuwa anakanyaga chini kwa hasira: "Papa Honoré, soma! Wengine wameshasoma, siye tunachelewa!"

"Mufu hakimbie, Mbuyi. Ngoja."

Alipiga simu saa nne nzima. Majina sita yalikuwa ya kweli, akayasoma kwa heshima. La saba lilikuwa la Élisée, mujukuu wa Papa Assani. Kwao majirani walishaanza kuleta viti. Lakini Assani, sasa muzee wa fimbo, alisimama mu mulango, akawarudisha: "Kama Katsuva hajasema, hapa hatulii." Élisée alikuwa Gety, kwa wakwe zake, anakula ugali.

Papa Honoré aliposikia neno lile la muzee, alitoka nje ya studio, akalia. Jina la Muongo lilikufa siku ile, bila komunike.

Septemba 2023 ugonjwa ulimushika kwa koo. Alitibiwa Bunia, kisha Butembo. Januari 2025 sauti ilikatika, akawa anaandika maneno yake mu kaye, daftari ya shule. Watoto wa Saio aliwakatia dirisha mu karto, akakaa nje kusikiliza. Waliruhusiwa kutangaza chochote. Lakini kifo, hata cha kuku, kilitaka mashahidi wawili. Aliaga dunia nyumbani, Saio, Siku ya Mungu, Jumapili tarehe 8 Februari 2026, asubuhi, mukono wake ndani ya mukono wa Adeline.

Anaacha mama Séphora, muke Adeline, mabinti watatu, Aimée, Sandrine na Tina, mujukuu mumoja, na muji muzima uliozoea kungoja neno lake.

Mama Adeline ameshuhudia. Aimée ameshuhudia. Habari ni ya kweli, na sisi tungeomba hii moja tu iwe ya uongo.

Papa Honoré, pumzika na amani.