Taa za Nyuma za Gari la Cheche

Kwenye kona ya kinyozi, pale lami inapoishia na vumbi kuanza, kuna benchi la mabomba ambalo Cheche alilichomelea mwenyewe kwa mabaki ya geti la mtu. Jioni ile benchi lilikuwa na wenyewe. Kinyozi alikuwepo, huyo waliyempa jina la Profesa kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Kipaza naye alikuwepo, utingo mstaafu; miaka ya kuita abiria ilimharibu koo, hata akiomba chumvi mezani mtaa mzima unajua chakula chake hakijakolea. Muuza kahawa alikuwa anapuliza makaa chini ya birika. Cheche alikuja wa mwisho, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso, akajibwaga kwenye benchi bila hata salamu. Wote wakajua mambo hayakwenda vizuri huko kwa mkaguzi wa magari.

— Wamelikataa? Kipaza aliuliza, na wapita njia watatu wakageuka.

— Wamelikataa.

— Injini?

— Injini kaisifu. Chesisi kaisifu. Breki kasema zinashika kama kupe. Kisha akazunguka nyuma. Washa taa, nikawasha. Kanyaga breki, nikakanyaga. Akaniuliza, umekanyaga? Nikamwambia nimekanyaga, bwana mkubwa. Akasema, mbona sioni tofauti?

Benchi zima likaguna. Gari lile walikuwa wanalijua kama mtoto wa mtaa. Cheche alilinunua likiwa vipande ndani ya makasha, kwa mtu aliyeanza kuliunda akakata tamaa, na miaka mingi sasa alikuwa akiliunganisha nyuma ya nyumba yake chini ya turubai. Bodi ni ya plastiki ngumu. Injini ilitoka kwenye gari dogo lililopinduka. Kila anayekaa kwenye benchi lile aliwahi kushika bolti yake moja, au angalau aliwahi kumshikia Cheche tochi huku akimpa ushauri mbaya.

— Si nilikwambia zile taa za urembo hazifai? alisema muuza kahawa, akimmiminia kikombe.

— Wewe ulisema zinapendeza.

— Nilisema zinapendeza. Sikusema zinafaa. Hata mimi nilioa hivyo hivyo.

Wakacheka, isipokuwa Cheche. Alikuwa amegandisha utepe wa vitaa vyekundu nyuma ya gari, ule wanaopambia kumbi za harusi, kwa kuwa ulikuwa rahisi na ulilala vizuri kwenye mkunjo wa bodi. Mkaguzi alimweleza taratibu, wala hakumdharau. Taa nyekundu mbili, kila upande moja, zikae usawa mmoja. Ukikanyaga breki mwanga ukolee hadi kipofu ashtuke. Za kugeukia ziwe rangi ya chungwa. Viakisi viwili vyekundu, na kitaa cheupe cha kumulika namba. Tena kioo cha kila taa kiwe na alama ya kuidhinishwa, siyo kitu cha kuokota sokoni. Lete wiki ijayo, nitaliangalia upya.

— Basi tatizo dogo, alisema Profesa, akikung'uta nywele za mteja kwenye aproni. Haraka haraka haina baraka. Maana yake taa ya breki ndiyo yenye baraka. Weka moja tu, kubwa, katikati.

— Moja?

— Moja. Usiku watakudhani pikipiki. Watakupita. Na mtu aliyekwisha kukupita atakugongaje nyuma?

— Huyu mtu ananyoa vichwa vya watu, alisema muuza kahawa kwa masikitiko.

— Nisikilizeni mimi niliyekula lami, Kipaza akanguruma. Wewe Cheche tafuta taa za lori la kubeba kokoto. Tena siyo mbili, weka nane. Anayekuja nyuma akiona nane anasema huyu mkubwa, anakaa mbali. Mkubwa ni jalala, lakini hakuna anayeligonga!

— Nane zitanyonya betri yote kabla sijafika darajani.

— Utasukumwa. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia kivulini ni nini wewe? Hiyo hulia ni ya kula, siyo ya kulia machozi! alidakia muuza kahawa.

— Ndiyo nilivyosema. Sasa ukisukumwa si unakula kivulini? Umekaa ndani, wenzako wako juani.

Profesa akaona ameachwa nyuma, akavuta kigoda.

— Mnajua kwa nini taa ya nyuma ni nyekundu? Nyekundu inaingia moja kwa moja kwenye ini. Dereva akiitazama sana ini linalegea, anapunguza mwendo bila kujua. Nilisoma.

— Wapi?

— Kwenye gazeti lililofungiwa nyembe. Sasa suluhisho ni moja. Cheche, gari lako mbele lina taa nzuri, halali, zina alama. Si ndiyo?

— Ndiyo.

— Basi endesha kinyumenyume. Nyuma itakuwa mbele.

Hata yule mteja mwenye povu nusu ya kidevu alicheka hadi Profesa akamwomba atulie asije akakatwa sikio. Cheche alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. Muuza kahawa, ambaye macho yake hayakuwa mbali na nyuso za wateja wake, akaliona.

— Sasa acheni mchezo. Gereji ya vipuri vilivyotumika umepita?

— Nimetoka huko. Kuna za trela, za mraba, kila kitu kimo ndani ya boksi moja: nyekundu, breki, chungwa, kiakisi. Zina alama. Rahisi kabisa. Kuna za gari moja la saluni lililopondwa mbele, lakini zimepinda kufuata bodi yake, kwangu zitakaa kama miwani ya kuazima. Halafu kuna za lori, za mviringo. Nyekundu yake peke yake, chungwa yake peke yake. Nazo zina alama. Bei imezidi kidogo.

— Chukua za trela basi! Zina kosa gani?

Cheche akazungusha kikombe mkononi. Kahawa ilikuwa imeshapoa.

— Hazina kosa. Ila nilizijaribu kwa betri ya pale. Ukikanyaga breki zinakolea, mkaguzi atazipitisha. Lakini zinakolea kidogo. Mtu akiwa mbali hataona.

— Mtu gani aliye mbali? Anayekugonga si yuko karibu?

Cheche akaweka kikombe chini. Wenzake walijua mke wake ni muuguzi, na kwamba alihamishiwa hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Walijua shemeji yao huja likizo, na akija Cheche huoga mara mbili. Walijua pia safari hii likizo imefutwa kwa sababu wauguzi hawatoshi, na Cheche akamwambia kwenye simu, usihangaike, mimi ndiye nitakayekuja, kwa gari langu. Jambo ambalo hawakulijua ndilo lililomtoka sasa, polepole, macho yakiwa barabarani.

— Kila akiondoka namsindikiza stendi. Basi likitoka mimi nabaki nimesimama. Sioni dirisha lake, kiza kinakuwa kimeanza. Ninachoona ni zile taa mbili za nyuma. Sasa pale kwenye kona ya kituo cha mafuta, basi lazima lishike breki. Taa zinakolea ghafla. Na kila mara, jamani, kila mara moyo unaniambia: ameshuka. Amemwambia dereva simamisha, narudi kwa mume wangu. Kisha mwanga unapungua na basi linakata kona.

Kipaza alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi wa mtaa ule kumwona akifanya hivyo.

— Sasa nikienda kwake, nikiondoka, yeye ndiye atakayebaki amesimama getini. Nataka nikishika breki aone. Aone vizuri kabisa. Ajue na mimi nilitaka kugeuka.

— Chukua za lori, alisema muuza kahawa. Wala hapana mjadala.

— Za lori, alisema Profesa.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja aliyefika mazungumzo yakiendelea, ambaye hakuna aliyemjua ila Cheche. Alikuja kuchukua dirisha lake la chuma kwa Cheche, akaambiwa fundi yuko kijiweni, akaona akae asubiri wamalize. Muuza kahawa alikuwa amempa kikombe kwa adabu ya ugeni. Sasa akakohoa kidogo.

— Samahanini, wanangu. Mimi ni mpita njia tu. Lakini huko aliko mkeo, watu hawana mageti?

— Wanayo, mama.

— Madirisha?

— Yapo.

— Basi baba, kwa nini lazima uondoke?

Cheche akatafuta jibu. Karakana? Ni ya kupanga. Nyumba? Ya kupanga vilevile. Wazazi walikwisha kutangulia mbele ya haki. Wateja? Wateja hata huko wapo. Lilikuwepo lile neno ambalo wanaume walimwambia mwanzoni, kwamba mume hamfuati mke kama mkia, naye akalimeza bila kulitafuna kwa kuwa kila mtu alilisema kama jambo linalojulikana. Akamtazama Profesa. Profesa akatazama kioo chake. Kipaza akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu liko kwenye machicha.

— Mama, jambo hilo... Profesa alianza, na hakuna aliyewahi kujua lingeishia wapi.

— Kahawa imekwisha, alisema muuza kahawa, na akaanza kuzima makaa.

Cheche alimpa yule mama dirisha lake na hakutaka kupokea malipo yaliyobaki. Kesho yake akazinunua taa za lori. Alitoboa bodi taratibu, akapima na kupima tena ili zikae usawa, akafunga viakisi chini yake na kitaa cheupe juu ya namba. Wiki iliyofuata mkaguzi alizunguka nyuma, akasema washa, akasema kanyaga. Safari hii hakuuliza kitu. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akatikisa kichwa kwa kukubali, akagonga muhuri.

Jioni hiyo alimpigia mke wake. Alimsikia amechoka, sauti ya mtu aliyesimama tangu alfajiri.

— Limepita, mke wangu. Nakuja.

— Alhamdu... ngoja nikae chini kwanza. Limepita kweli?

— Kweli. Sasa nikuulize kitu. Huko kuna mafundi wa kuchomelea?

Cheche alisikia magurudumu ya kitanda yakipita karibu na mke wake, na mtu akimwita, na yeye hakuitika.

— Yupo mmoja, mzee, macho yameshamchoka. Geti letu la hospitali limeegemezwa jiwe. Kitanda cha wodi ya watoto kimefungwa kwa kamba. Kila nikipita nasema, ningekuwa na mtu wangu hapa.

— Mbona hujawahi kuniambia?

— Ningekuambiaje? Nilikuwa nasubiri uulize.

Alfajiri ya siku ya safari Cheche aliibeba mashine yake ya kuchomelea kutoka karakana. Gari lile ni la viti viwili, na buti yake haiingii hata ndoo. Aliizungusha mashine huku na huku, akaiweka kwenye kiti cha abiria, kisha akaifunga mkanda vizuri ili isiyumbe njiani.