Pampu ya Marcella na Bahari ya Hewa

Benchi letu la Kiritiri ni ubao juu ya mawe mawili, na limeinama upande wa Meja, mzee Nyaga, aliyelinda geti la kambi ya jeshi akarudi na cheo. Upande wa pili hukaa Njiru, tunayemwita Satelaiti, na Kaimenyi, mwalimu mstaafu ambaye kila somo lake huishia kwenye zebaki, kwa hivyo tunamwita Zebaki. Siku hiyo Marcella, mwenye kibanda cha kahawa, alitutangazia kwamba birika lililo motoni ndilo la mwisho. Kisima kipya nyuma ya kibanda kina maji tele, pampu inanguruma, na halipandi hata tone. Asipopata maji kufikia Jumamosi, anafunga, anaenda kwa dadake Embu mjini.

— Hiyo pampu ilitoka Kanyakine, Satelaiti akaanza. Huko maji iko karibu. Imezoea maisha rahisi.

— Tufunge mbili, Meja akasema. Zishindane.

— Wapi, Satelaiti akapinga. Ni Mlima Kenya unavuta maji upande wake. Ndiyo maana huku Mbeere tumekauka hivi.

Zebaki akakohoa. Kikohozi hicho huja na somo.

— Kulikuwa na Mwitaliano, Torricelli. Alimsaidia Galileo miezi yake ya mwisho, mzee akiwa kipofu. Mafundi wa huko walikuwa na shida ya Marcella: pampu haikupandisha maji kupita mita kumi hivi. Torricelli akajaza zebaki kwenye bomba la kioo, akaligeuza ndani ya bakuli. Zebaki ikashuka kidogo, ikasimama. Akaelewa. Tunaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wake ndio unasukuma maji juu. Nguvu yake inaishia hapo kwa kumi.

— Hewa iko na uzito? Meja akauliza. Kumbe ndiyo maana nimechoka.

— Alikufa na miaka thelathini na tisa, Zebaki akasema, kama aliyebeba jeneza.

Karambu, mama aliyetoka Muthara kununua mbuzi, alikuwa akingoja kikombe.

— Mpaka kwa maji ni mita ngapi?

— Kumi na nne, Marcella akajibu.

— Na pampu iko wapi?

— Hapo juu.

— Sasa mbona msiishushe?

Pampu tuliifunga sisi wenyewe kwa simiti, mwizi asiiguse, na kabla haijakauka kila mmoja akachora jina lake kwa msumari. Langu pia liko.

Marcella akaingia kibandani, akarudi na nyundo na kamba.

— Nianze na jina la nani?

Satelaiti akachungulia kikombe. Meja akakumbuka mgongo wake.

— Langu, Zebaki akasema. Ndilo refu.

Akainuka, Satelaiti akamfuata, na benchi likammwaga Meja chini.

Jioni pampu ilikaa kwenye mbao ndani ya kisima, karibu na maji, iyasukume juu badala ya kuyavuta. Ikaguna. Bomba likatikisika. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya kahawa, na Meja tayari alikuwa amenyoosha kikombe.